"Hili Si Gitaa Langu": Niliyojifunza kwa Kurekodi Gitaa Kavu

"Kaka, hili si gitaa langu."

Dada yule aliyasema maneno hayo bila hasira, hedifoni zikiwa bado masikioni, mkono mmoja umelilalia gitaa lake. Tulikuwa tumerekodi kwa saa 3. Hakuna mahali sauti ilipopasuka, hakuna kelele ya nje iliyopenya, na kwenye skrini mawimbi yalikuwa yamejipanga vizuri. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha. Kwake yeye, aliyekuwa akipiga humo ndani ni mtu mwingine mwenye gitaa jingine.

Nilimwomba apige tena kipande kile kile. Safari hii sikukaa kwenye kompyuta. Nilisimama nyuma yake, nikainama hadi sikio langu likawa usawa wa bega lake la kulia, nikafumba macho. Nikaelewa. Kutoka pale juu gitaa lilikuwa na besi iliyojaa bila kuvuma, nyuzi nyembamba zilikuwa laini, na katikati ulikuwepo mlio wa mbao ambao sikuusikia hata mara moja kwenye rekodi yangu. Maikrofoni, iliyokuwa mbele yake sentimita 25 kutoka kwenye shingo ya gitaa, ilikuwa imenasa kitu kikavu chenye kung'aa. Sauti zote mbili zilitoka kwenye gitaa lile lile, kwa wakati ule ule.

Nilikuwa nimeshatumia miaka kadhaa kurekodi gitaa kavu, yaani lile la sanduku la mbao lisilotegemea umeme, langu na la watu wengine, na nilidhani ninajua ninachofanya. Nilichokuwa ninajua zaidi ni kutibu. Sauti ikivuma nilikata besi kwenye ikwalaiza (kidhibiti cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu), ikiwa nyembamba niliongeza, ikiwa imekufa nilitia mwangwi wa kompyuta. Siku ile ilinirudisha nyuma kabisa, na kadiri nilivyozidi kurudi ndivyo nilivyokuta kwamba karibu kila tatizo nililolitibu mwishoni lilikuwa limezaliwa mapema: mahali maikrofoni iliposimama, chumbani, kwenye nyuzi, au kwenye mkono wa mpigaji mwenyewe.

Mwanzo wangu ulikuwa kama wa wengi. Gitaa lina tundu, nikajua sauti inatokea tunduni, basi nikaisimamisha maikrofoni sentimita 10 hivi mbele ya tundu. Nilichopata ni mvumo uliofunika kila noti. Kila nilipogusa uzi mnene wa E ilikuwa kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu. Na ndicho hasa kinachotokea. Hewa iliyo ndani ya gitaa hupumua kupitia lile tundu, na kwenye magitaa mengi yenye mwili mkubwa pumzi hiyo huwa na nguvu zaidi karibu na Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Uzi wa E mnene upo kwenye Hz 82, wa A upo kwenye Hz 110, kwa hiyo noti za chini zinaiangukia pumzi hiyo moja kwa moja. Halafu maikrofoni nyingi tunazotumia, zile zinazosikia zaidi upande wa mbele, zina tabia ya kukuza besi kadiri zinavyosogezwa karibu na chanzo cha sauti. Nilikuwa nimeyaweka mambo mawili yanayoongeza besi mahali pamoja, halafu ninashangaa kwa nini kuna besi.

Sikujua hayo wakati huo. Nilikata Hz 100, nikakata Hz 200, nikapandisha sauti za juu. Gitaa likakonda na bado likaendelea kuvuma. Nilikaa hivyo kwa miezi, nikiilaumu maikrofoni kwa kuwa ya bei nafuu.

Kilichonifungua macho ni skrubu iliyolegea. Mkono wa stendi ulikuwa ukigeuka polepole wakati napiga, bila mimi kuona. Nilipoisikiliza rekodi, dakika ya kwanza ilikuwa na mvumo ule ule niliouzoea. Kufikia dakika ya tatu nyuzi zilikuwa zimeachana, kila moja inasikika ilipo, besi imebaki lakini imekaa mahali pake. Nikainua macho. Maikrofoni ilikuwa imejigeuza yenyewe na sasa ilikuwa inatazama pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa. Nilikaza ile skrubu pale pale ilipo na sikuigusa kwa wiki mbili.

Hadi leo huko ndiko ninakoanzia: sentimita 20 hadi 30 kutoka freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vilivyopangwa shingoni), maikrofoni imeelekezwa pale shingo inapokutana na mwili, pembeni kidogo mwa tundu. Ninasema ninakoanzia kwa sababu kosa langu la pili lilikuwa kulifanya eneo hilo kuwa sheria, na ndilo kosa nililomfanyia dada yule. Kutoka pale kuna safari nyingi za sentimita chache. Ukiielekea tundu, besi inapanda. Ukiielekea freti za mwanzo, sauti inapungua mwili na msuguano wa vidole unakuwa mkubwa kuliko noti zenyewe. Ukishuka kuelekea daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, sauti inakuwa kavu, ya puani, yenye makali kwenye kila mdono. Kwa mtu anayepiga kwa vidole na kumwachia kidole gumba kazi ya besi, wakati mwingine hiyo ndiyo sauti inayotakiwa. Ukirudi nyuma hadi nusu mita, gitaa linaanza kusikika zima, lakini chumba nacho kinaingia.

Kama mko wawili, avae hedifoni yule anayeishika maikrofoni, mwenzake apige kipande kile kile bila kubadilisha nguvu, na maikrofoni isogee polepole mno, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Kuna sehemu utasikia gitaa linajifunga na sehemu linafunguka, na umbali kati ya sehemu hizo mbili unaweza kuwa upana wa kiganja. Nikiwa peke yangu nafanya hivi: ninabonyeza kurekodi, ninataja kwa sauti mahali maikrofoni ilipo, ninapiga sekunde 10, ninaisogeza, ninataja tena, ninapiga tena. "Freti ya 12, sentimita 25." "Freti ya 14, sentimita 25, imeinama kidogo." Nikimaliza sehemu 7 au 8 ninasikiliza zote nikiwa nimegeuka nisione skrini. Zoezi hilo huchukua dakika 15. Limeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Kuhusu aina za maikrofoni nitasema machache. Maikrofoni ya kondensa, hasa ile nyembamba yenye kiwambo kidogo, hunasa vizuri mdono wa uzi na kila kitu kinachong'aa. Inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, basi usiogope kuwa imekufa kabla hujaangalia swichi hiyo. Ya dainamiki nayo inafaa pale chumba kinapokuwa na kelele, ila utaisogeza karibu zaidi na utapoteza sehemu ya mng'ao. Nimesikia kazi nzuri za maikrofoni za kawaida sana zilizowekwa na mtu mwenye subira. Kama gitaa lina pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa lenyewe, iliyofichwa chini ya kijiti kinachobeba nyuzi darajani, ninairekodi pia kwenye njia yake kama akiba. Siitumii peke yake, kwa sababu inasikia mgandamizo wa nyuzi tu. Haijui kuwa kuna sanduku la mbao na hewa ndani yake.

Chumba kilinitesa kuliko maikrofoni. Chumba nilichokuwa nikirekodia kilikuwa na urefu wa karibu mita 3.4, kuta tupu, sakafu ngumu. Nilikuwa nakaa katikati kabisa kwa sababu nilisikia mahali fulani kwamba ukikaa mbali na kuta zote sauti inakuwa safi. Noti ya A ya chini, na ile G# iliyo freti moja chini yake, zilikuwa zinalipuka. Nyingine zilikuwa za kawaida. Nilidhani gitaa lina kasoro.

Hesabu yake ni fupi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3.4, wimbi la Hz 50 linasimama, na la Hz 100 linasimama pia. Lile la Hz 100 lina nguvu kubwa kwenye kuta na katikati kabisa ya chumba, na ni dhaifu kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu. Mimi, gitaa langu lenye pumzi ya Hz 100 na maikrofoni yangu tulikuwa tumekaa palepale katikati. Nilisogeza kiti hatua moja ndefu kuelekea ukuta wa nyuma, nikakigeuza kidogo kisitazamane na ukuta uso kwa uso, na ule mlipuko ukapungua kiasi kwamba nilirudi kukaa katikati mara mbili ili nihakikishe sijidanganyi.

Sauti za juu zina dawa nyepesi zaidi. Piga kofi moja chumbani. Ukisikia kama mlio wa chuma unaotetemeka baada ya kofi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Blanketi nene, godoro lililosimamishwa, kabati la nguo lililoachwa wazi, vyote vinasaidia. Kitu kilichonichukua muda kujifunza ni mahali pa kuviweka. Nilikuwa natundika blanketi nyuma ya maikrofoni, kumbe maikrofoni ya upande mmoja haisikii vizuri nyuma yake. Inakitazama kile kilicho mbele, yaani gitaa, mpigaji, na ukuta ulio nyuma ya mpigaji. Blanketi lilipohamia nyuma ya mgongo wangu ndipo nikasikia tofauti. Wala usikifunike chumba chote. Vitambaa vinameza sauti za juu na kuiacha besi ilivyo, na gitaa linabaki kama limefungiwa ndani ya sanduku. Siku hizi nikipata sakafu ya mbao au ya vigae ninafurahi. Ninaiacha wazi mbele ya gitaa, kwa sababu sauti inayorudi kutoka sakafuni inalipa gitaa uhai kidogo.

Nyuzi. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, maana nimeharibu kazi za watu kwa kulipuuza jambo hili. Nyuzi zilizochoka hazirudishwi na ikwalaiza yoyote. Jasho na uchafu vinaingia katikati ya vile vizungushio vya shaba kwenye nyuzi nene, uzi unakuwa mzito bila mpangilio, mlio wake unakufa mapema na hata noti zenyewe hazikai sawa kwenye freti za juu. Lakini nyuzi zilizowekwa dakika 20 kabla ya kurekodi nazo ni balaa: zinateremka kila baada ya kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), na zina mng'ao wa bati unaochosha sikio. Ninaziweka jana yake, ninazivuta kwa kidole uzi mmoja mmoja, ninatyuni, ninavuta tena, hadi ziache kushuka. Halafu ninapiga nusu saa. Kesho yake ziko tayari. Gitaa lenyewe ninaliacha nje ya begi chumbani mle kwa angalau nusu saa lizoee joto la chumba, na kama hewa ni kavu sana au ina unyevu mwingi ninajua mbao zitanisumbua. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio magitaa mengi huufurahia.

Kutyuni kati ya teki na teki, yaani kila unaporudia kurekodi, ni lazima, hata kama sikio linasema bado iko sawa. Nitaongeza kwamba tyuna ikikuambia uzi uko sawa ukiwa wazi, kandamiza kodi unayokwenda kupiga kweli, usikilize. Wapigaji wenye mkono mzito wanazivuta nyuzi juu bila kujua. Kwa hao ninashusha kidogo uzi unaolalamika, hata kama taa ya tyuna inasema vingine.

Halafu ipo piki, kile kijiplastiki cha kupigia nyuzi. Nilipokuwa nikirekodi nyimbo za kucharaza, zile ambazo gitaa linafanya kazi ya ngoma zaidi ya melodi, nilikuwa natumia piki nene ya milimita 1 kwa sababu ndiyo niliyoizoea jukwaani. Kila mcharazo ulikuwa ukigonga kama kofi. Nikahangaika na kompresa, ile inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Siku moja piki ile ikanipotea, nikaazima nyembamba ya milimita 0.60, na gitaa likakaa ndani ya wimbo bila kusukumwa. Piki nyembamba inajikunja, inapita kwenye nyuzi zote kwa nguvu karibu sawa. Kompresa niliyoihitaji ilikuwa ndani ya ile plastiki.

Mwili wa mpigaji nao unarekodiwa. Kifungo cha shati kinachosugua mgongo wa gitaa, saa ya mkononi, kiti kinacholia kila mtu anapoegemea, pumzi za puani wakati wa sehemu ngumu. Maikrofoni iliyo karibu hivyo inasikia vyote. Ninamwomba mpigaji avae nguo laini isiyo na vifungo mbele, ninabadilisha kiti, na nikitumia mdundo wa kumwongoza ninaushusha sauti kadiri inavyowezekana, kwa sababu ule mlio wa tik tik ukivuja kutoka kwenye hedifoni wakati kodi ya mwisho inafifia hautoki tena. Msuguano wa vidole kwenye nyuzi nene ninautazama kwa namna nyingine. Ukizidi, ninasogeza maikrofoni mbali na freti za mwanzo. Ukiwa wa kawaida ninauacha. Nimewahi kuufuta wote, mmoja mmoja, kwa usiku mzima, na mwenye wimbo aliposikiliza akaniuliza kwa nini anasikika kama mashine.

Kuna teki moja ambayo bado inaniuma. Ilikuwa yangu, usiku, wimbo uliokuwa umenikataa kwa wiki mbili. Ukaja. Mikono ilikuwa imelegea, kila kitu kikakaa. Kwenye kiitikio cha mwisho nikapiga kwa nguvu kuliko nilivyopiga wakati wa kujaribu, na kwa kuwa nilikuwa nimepandisha kiwango hadi karibu na kikomo, sauti ikapasuka mara nne mfululizo. Hakuna dawa ya hilo. Wimbi likishakatwa kichwa, kilichokatwa hakipo. Tabia ile ya kujaza kiwango hadi juu niliirithi kwa watu waliorekodi kwa tepu na kwa biti 16 (biti ndizo zinazopima ukubwa wa sauti kwenye rekodi ya kompyuta), ambako ukirekodi chini sana unasikia mchakacho. Kwa biti 24 hakuna sababu hiyo: kila biti inabeba takriban desibeli 6, na nafasi iliyopo ni kubwa kuliko ukimya wa chumba chochote nilichowahi kukaa. Sasa ninamwomba mpigaji apige sehemu yake yenye nguvu kuliko zote, ninaweka kilele chake kwenye desibeli 12 chini ya kikomo, na ninajua wakati wa kweli atapiga kwa nguvu zaidi ya hapo. Karibu kila mara inakuwa hivyo.

Nilipopata maikrofoni ya pili nilifurahi kupita kiasi. Nikaweka moja kwenye shingo, nyingine karibu na daraja, nikatupa moja kushoto na nyingine kulia. Kwenye hedifoni gitaa lilikuwa pana kama ukuta. Nikampelekea rafiki yangu, akaisikiliza kwenye spika moja ya simu, akaniambia gitaa linasikika kama liko ndani ya bomba. Nilikasirika kidogo, nikajaribu mwenyewe kwa kuunganisha pande zote mbili kuwa mono, yaani sauti ya njia moja. Alisema kweli. Katikati ya sauti palikuwa pamechimbwa shimo.

Sauti moja ilikuwa inafika kwenye maikrofoni mbili kwa nyakati mbili. Tofauti ya sentimita 17 tu ni nusu ya elfu moja ya sekunde, na hiyo inatosha kuifanya Hz 1,000 ifike moja ikipanda na nyingine ikishuka, ukizichanganya, zinafutana. Inafuata Hz 3,000, halafu 5,000, kama meno ya kitana. Watu watakwambia tumia kanuni ya tatu kwa moja, kwamba umbali kati ya maikrofoni uwe mara tatu ya umbali wa maikrofoni hadi kwenye chombo. Kanuni hiyo ni nzuri pale watu wawili wanapopiga kila mmoja akiwa na maikrofoni yake, ili ya huyu isimsikie sana yule. Kwa gitaa moja lenye maikrofoni mbili nimeona inawapoteza watu, na ilinipoteza mimi.

Njia iliyonituliza kwanza ni ya kuweka vichwa vya maikrofoni mbili pamoja, kimoja juu ya kingine, vikiwa vimeachana kwa pembe ya digrii 90. Sauti inafika kote kwa wakati mmoja, upana unatokana na mwelekeo tu. Baadaye nikajifunza ile ya katikati na ubavu: maikrofoni moja inatazama gitaa, nyingine inayosikia pande mbili imelazwa ubavu, halafu ile ya ubavu inanakiliwa na nakala kugeuzwa kinyume, moja kushoto, nyingine kulia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliliweka wazo hilo katika hataza yake ya mwaka 1931, na uzuri wake ni kwamba ukiunganisha kuwa mono ule ubavu unajifuta wenyewe na kubaki maikrofoni ya katikati peke yake, safi. Hakuna shimo.

Lakini niseme ninachoamini: gitaa moja na mwimbaji mmoja mara nyingi hawahitaji sterio, yaani sauti ya pande mbili. Rekodi za mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco zilizofanywa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey mwaka 1952 ni za mono, na bado unamtenganisha kidole gumba na kidole cha shahada bila kutumia nguvu. Upana nikiuhitaji kwenye wimbo wenye vyombo vingi, ninampigisha mtu sehemu yake mara mbili, teki mbili tofauti, moja kila upande. Kunakili teki moja na kuitupa pande zote mbili hakuleti chochote zaidi ya mono yenye sauti kubwa. Upana unatokana na zile tofauti ndogo ambazo mkono hauwezi kuzirudia. Kuna ufundi mwingine unaotajwa kwa jina la mji wa Nashville, ambapo nyuzi nne nene, E, A, D na G, zinaondolewa na kuwekwa nyembamba zinazolia okteva moja juu. Gitaa hilo likipiga kodi zile zile upande wa pili, wimbo unang'aa bila kuongezwa uzito hata kidogo.

Kwenye kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa, siku hizi nafanya kidogo sana. Gitaa likiwa peke yake, ninaondoa kilicho chini ya Hz 60 tu, maana uzi wa E unaanza 82 na sitaki kuugusa. Likiwa katikati ya besi na ngoma, ninakata hata hadi Hz 120 na hakuna atakayelalamika.

Kwa wanaoimba huku wanapiga, nilijaribu kwa muda mrefu kuwatenganisha: gitaa kwanza, sauti baadaye. Wengine hawawezi, na si udhaifu. Pumzi yao ndiyo inayoendesha mkono. Maikrofoni inayosikia mbele na nyuma ni kiziwi kabisa ubavuni, basi ile ya gitaa ninaizungusha hadi ubavu wake uelekee mdomo wa mwimbaji, na ile ya mdomo ubavu wake uelekee gitaa. Inahitaji subira ya digrii moja moja, lakini zikikaa, unaweza kupandisha sauti bila kulipandisha gitaa.

Na dada yule. Alirudi baada ya siku chache. Safari hii nilimwacha apige dakika 20 bila kuwasha chochote, mimi nikizunguka, sikio moja nimeliziba kwa kidole, kwa sababu maikrofoni moja inasikia kama sikio moja. Niliweka maikrofoni ya kwanza mbele, freti ya 14, mbali kidogo kuliko mara ya kwanza. Ya pili niliipitisha juu ya bega lake la kulia, ikitazama chini kwenye ubao wa gitaa, pale nilipokuwa nimeinama siku ile. Nikachukua kamba ya kiatu, nikaishika darajani, nikapima hadi maikrofoni ya mbele, nikafunga fundo, kisha nikaipeleka juu ya bega na kuisogeza ile ya pili hadi ikaligusa fundo. Umbali sawa, wakati sawa. Nikaunganisha kuwa mono, nikageuza ya pili kinyume ili nisikie: gitaa likapoteza tumbo lote. Nikairudisha, tumbo likarudi.

Tulisikiliza pamoja teki ya kwanza. Ile ya bega niliiweka juu kuliko ya mbele. Hakusema neno. Alivua hedifoni, akakaza uzi wa B kidogo, akasema, "Turudie, nimeharakisha pale katikati."

Aliporudia hakuharakisha. Kodi ya mwisho ilikuwa ya nyuzi wazi, akaiacha ilie. Mkono wake ulibaki hewani juu ya tundu, mimi nikiwa nimezuia pumzi, kidole juu ya kitufe. E nyembamba ikafa kwanza, kisha B. Nilihesabu hadi 9 na ile E ya chini ilikuwa bado ipo.